Behewa Namba Arobaini na Saba

Jumapili, tarehe 17

Kaka yangu mpendwa,

Katibu wa chama alisema jana saa kumi kasorobo, mbele ya wanachama kumi na wawili na mimi, kwamba behewa namba arobaini na saba lilikuwepo. Alilisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya wale wa benchi la nyuma ambao masikio yao yaliharibiwa na injini za mvuke. Nimeliweka hili mbele ya salamu kwa sababu nakujua. Ungeziruka salamu ukitafuta kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Sasa salamu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limeanza kunitabiria mvua. Natumaini nawe hujambo, na Wifi hajambo, na kile kifua chake kimetulia. Wanao wakubwa wasalimie, waambie shangazi yao bado yupo, anazidi kula chumvi. Nyumba ni ile ile. Bati la chumba cha nyuma nimelibadilisha, na ule ufa wa ukutani nimeuziba mwenyewe, vibaya.

Nianze habari tangu mwanzo. Wiki tano zilizopita, siku ya Jumamosi, chama kilifungulia watu milango. Bado wanakutana kwenye lile bohari nyuma ya stesheni ya zamani. Stesheni yenyewe siku hizi ni duka la samani, na kwenye dirisha la tiketi wameweka kioo cha kujitazamia. Meza ya treni imeongezwa, sasa ina mita kumi na nne, kutoka kituo cha chini mpaka kile cha mwisho mlimani, vituo vyote kumi na kimoja pamoja na handaki. Milima ni ile ile mliyoitengeneza wewe na Baba kwa gundi ya unga na magazeti yangu ya zamani. Unakumbuka Baba alisema kwamba hatimaye gazeti letu limepata kazi ya kubeba kitu kizito. Dakika tano za chama bado ni saa nzima ya reli, kwa hiyo treni ya barua ikichelewa nusu dakika, wazee wanamjia juu mwenye zamu kana kwamba ameua mtu.

Na kanuni ya kwanza bado imeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyeusi: HAKUNA KARATASI, HAKUNA RELI. Behewa lolote litakalogusa meza lazima liwe na karatasi yake, iwe picha, ukurasa wa rejesta au hati ya karakana, kuonyesha kwamba reli yetu ya kweli, kabla haijang'olewa, iliwahi kuwa na behewa la namna hiyo lenye namba hiyo. Wageni wanaisoma wanacheka. Wanachama hawacheki.

Siku hiyo aliingia mkunga mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Hakuja kwa ajili ya treni, alikuwa akisubiri duka la samani lifunguliwe baada ya mapumziko ya mchana. Mimi sikuwepo. Haya nimeyapata kwa katibu, kisha nikaenda nyumbani kwa mkunga nikamsomea, akasahihisha mawili. Anasema aliizunguka meza yote mikono nyuma, kama mtu anayekagua wodi, alipomaliza akamuuliza Honi kwa nini halioni behewa lao.

Honi, mwenyekiti, yule dereva mstaafu unayemfahamu kuliko ungependa, akamuuliza behewa lipi. Mkunga akasema la wagonjwa. Akalieleza: milango mipana pande zote mbili ya kupitishia machela, vioo vya rangi ya maziwa, bomba la maji lililovuja hata likifungwa, na mkanda wa ngozi uliomfinya kila mtu kidole gumba. Alilipanda kila Jumatano kwa miezi kumi na minne akiwa mwanafunzi wa uuguzi, likishusha wagonjwa kutoka vituo vya juu kwenda hospitali. Honi akamjibu kwa adabu kwamba suala la behewa hilo lilishajadiliwa na chama, na ikathibitika kwamba halikuwepo.

“Mimi nimezalisha watoto watatu ndani yake,” mkunga akasema. “Na wao hawakuwepo?”

Katibu anasema Honi alianza kurekebisha taa ya ishara ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Jumamosi iliyofuata mkunga alirudi na picha ameifunga ndani ya foronya. Wauguzi wanne wamesimama mbele ya mlango uliofunguliwa, machela imetokeza nusu, na chini ya sakafu ya behewa, kwenye fremu ya chuma, namba 47 kwa rangi nyeupe. Wa pili kutoka kushoto ni yeye, amefumba macho. Kamati ya watu watatu iliishika picha hiyo siku kumi na mbili. Walihesabu ribiti, zile pini za kuungia vyuma, kwa kioo cha kukuzia. Wakalinganisha na michoro ya karakana, wakabishana kuhusu springi, wakaacha kusemezana kwa siku mbili, kisha wakakubaliana.

Kosa lao limejulikana lilipoanzia. Katika rejesta ya ofisi kuu mabehewa yalihesabiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Katika hesabu moja namba 47 ni behewa la mizigo, na katika hesabu iliyofuata ni behewa la mizigo. Behewa la wagonjwa liliishi katikati ya hesabu mbili. Karakana ilivua bodi ya mizigo, ikavisha bodi ya wagonjwa juu ya fremu ile ile, na miezi kumi na minne baadaye ikarudisha ile ya kwanza. Makarani waliandika walichokiona juu siku ya kuhesabu. Wewe uliwaambia jambo hili miaka tisa iliyopita, kwa maneno ya Baba: fremu ndiyo behewa, bodi ni nguo tu. Jana katibu aliyasoma maneno hayo hayo kutoka kwenye karatasi kana kwamba kamati ndiyo iliyoyavumbua.

Baada ya kusoma alitangaza mapendekezo matatu. Uanachama wako urudishwe. Shtaka la kupotosha historia lifutwe kwenye kitabu cha chama. Behewa namba arobaini na saba litengenezwe upya, liendeshwe siku ya wageni ijayo. Yatapigiwa kura kwenye mkutano mkuu.

Honi alisimama akasema haombi radhi. Alihukumu kwa karatasi zilizokuwepo, na kesho zikiwa zile zile atahukumu vile vile. Kisha, bila kupumzika, akasema ameshaanza kulitengeneza behewa hilo yeye mwenyewe, na mbao ameshakata. Nilipita kwake nikaliona, liko kwenye meza ya kulia chakula juu ya taulo. Milango ya machela inafunguka na kufungwa vizuri. Amelipaka kijani. Mkunga anasema lilikuwa rangi ya maziwa, na Honi anasema picha haina rangi, kwa hiyo huo ni uvumi. Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka mlangoni, akaangalia viatu vyake, akasema, “Mwambie kaka yako aje anikosoe.” Najua si neno kubwa. Kwa Honi ni kama kulia hadharani.

Sasa niandike ya zamani. Sikuandikii ukumbuke, maana hukusahau. Nayaandika kwa sababu bila hayo linalofuata halitakuwa na mahali pa kusimama.

Ulilitengeneza behewa lile kwa siku sitini na moja, kwenye meza ya jikoni, Wifi akipika kwa kukuzunguka. Milango uliikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Machela zilikuwa njiti za kiberiti na kitambaa cha leso, na mikanda yake ulishona kwa sindano ukitumia ile lenzi ya fundi saa. Kamati ilipokuomba karatasi, ukasema huna karatasi, una neno la Baba. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa miaka thelathini na moja. Alitembea kando ya kila treni na nyundo yake ya mpini mrefu akigonga magurudumu na kusikiliza kama yana ufa. Alikueleza habari za behewa hilo katika mwaka wake wa mwisho, kitandani. Hapo ndipo Honi aliposema yale ambayo mji mzima uliyarudia kwa mwezi mzima.

“Marehemu tunamheshimu. Lakini homa haina namba ya usajili.”

Watu walicheka. Katibu alikiri jana kwamba naye alicheka. Siku ya wageni ukaliweka relini kwa nguvu, nyuma ya Bi Mkubwa, ile injini kubwa aliyoichonga Baba, na likafika kituo cha sita kabla Honi hajakata umeme. Likaitishwa shauri. Kura kumi na moja kwa mbili. Uliinua namba arobaini na saba kutoka mezani, ukaiweka sakafuni taratibu kama mtu anayeweka yai, ukaikanyaga kwa kisigino.

Kabla mwezi haujaisha ulikuwa umeshagawa mkusanyiko wote. Injini tatu na mabehewa kumi na saba, kazi ya Baba ya miaka ishirini na miwili, yalikwenda kwa yeyote aliyepita mlangoni akiwa na boksi. Bi Mkubwa alichukuliwa na daktari wa meno, na mpaka leo yuko kwenye chumba chake cha kusubiria, gurudumu moja halipo. Ukakubali ile kazi ya majokofu ya kiwanda huko uliko, mkahama. Wifi ameniambia kwamba tangu hapo hujagusa hata gundi.

Na mimi niliandika ile makala. Mhariri alitaka kitu chepesi cha Jumapili, nikampa maneno mia saba juu ya wazee wanaogombania behewa ambalo halikuwepo. Niliipa kichwa “Treni ya Ndoto”. Sikukutaja jina. Haikuhitajika, mji huu una mtu mmoja tu aliyekikanyagia chama behewa. Kazini wakakuuliza kama dereva wa ndoto anapata likizo. Nilidhani hutasema nami tena. Ulinipigia siku ya tatu, na maneno yako niliyaandika papo hapo, kwa mazoea ya kazi, kwa hiyo ninayo kama ulivyoyasema: “Mdogo wangu, wewe hukuwa na karatasi, na mimi sikuwa nayo. Umefanya kazi yako.” Tangu siku hiyo ukaniita Bibi Ushahidi, na hujawahi kuniita hivyo kwa kunisuta.

Jana, mkutano ulipokwisha, katibu alinishika mkono akaniomba niandike habari hii gazetini. Alisema mimi ndiye niliyeianza, basi niimalize. Nilimpigia mhariri, akanipa nusu ukurasa wa Alhamisi. Leo alfajiri nikakaa kuandika. Ilikwenda vizuri mpaka aya ya tano. Katika aya ya tano habari inataka sentensi moja fupi, kwamba wakati ule hakukuwa na ushahidi wowote wa behewa hilo isipokuwa neno la marehemu. Niliiandika nikaifuta. Nikaiandika kwa namna nyingine, nikaifuta. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita na sijawahi kushindwa na sentensi yenye maneno machache kiasi hicho.

Ushahidi ulikuwepo, Kaka. Nilikuwa nao mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujainuka.

Baba alikaa katika chumba cha nyuma miaka minne, miguu imekufa. Wewe ulikuja Jumamosi. Sina lawama na hilo, ulikuwa na kazi na watoto, na hukukosa Jumamosi hata moja. Asubuhi ya Jumamosi mimi nilimwosha, nikamnyoa, nikabadilisha shuka, ili umkute safi. Ukifika unalaza ubao wenye reli juu ya magoti yake, unamwekea Bi Mkubwa, na yeye anacheka. Nilisikia kicheko hicho kutoka jikoni. Ukiondoka anageukia ukuta. Jumapili mpaka Ijumaa niliishi na mtu aliyegeukia ukuta.

Mwaka wa tatu, siku moja ya katikati ya wiki, niliinua Bi Mkubwa juu ya blanketi ili niipanguse vumbi. Aligeuka, jambo ambalo siku hizo halikuwa rahisi kwake. Akasema, “Weka. Wewe huna mkono wa reli. Mngoje kaka yako.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema nje kuna mvua. Niliweka.

Alipofariki, baba wadogo walikaa sebuleni wakagawa. Treni, vifaa na madaftari kumi na moja ya ukaguzi ni vya mtoto wa kiume, maana yeye ndiye aliyecheza na mzee. Walinipa kitanda. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza. Wewe uliniuliza mlangoni kama nataka kitu chochote, nikasema sitaki. Hilo ni kosa langu, nalihesabu katika makosa yangu.

Lakini madaftari hayakuwa kumi na moja. Yalikuwa kumi na mawili. La kumi na mbili, lenye jalada jeusi la kitambaa cha mafuta, nilikuwa nalitumia mimi. Baba aliliandika upande mmoja, mimi nikaligeuza nikaandika dawa zake upande wa pili, maana siku ile ya kwanza ndiyo karatasi iliyokuwa karibu na mkono. Saa mbili asubuhi, vidonge viwili. Saa nane, amekataa. Saa kumi na mbili, amemeza kimoja, kingine amekitema. Kurasa sabini na tatu za namna hiyo. Sikulificha. Nililiona ni langu, na upande wa Baba sikuwahi kuufungua.

Niliufungua siku nane kabla ya shauri lako. Nilikuwa natafuta tarehe aliyoanza kukataa dawa, kwa sababu ambayo sasa haina maana, na daftari likafunguka kwa upande wake. Nakunakilia alivyoandika:

“47. Imetoka karakana leo. Bodi mpya ya wagonjwa, fremu ile ile. Milango ya machela pande mbili. Bomba la maji linavuja, nimeandika lirekebishwe. Magurudumu manane nimegonga, yote yanalia vizuri.”

Chini yake kuna tarehe, sahihi yake na muhuri wa mkaguzi. Kwa kanuni ya chama hakuna karatasi iliyo bora kuliko hiyo. Honi mwenyewe angepiga saluti.

Siku ya shauri daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sisemi kwamba nilikusudia kulitoa, wala sisemi kwamba nilikusudia kutolitoa. Nasema lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa juu ya mapaja yangu, benchi la tatu. Katibu aliuliza kama kuna mtu yeyote mwenye ushahidi zaidi. Wewe uligeuka ukawatazama watu, mmoja mmoja, ukafika kwangu. Nilitazama saa yangu nikaandika muda kwenye kijitabu changu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Kijitabu hicho ninacho. Dakika nne baadaye ulikanyaga behewa.

Makala niliiandika usiku wa siku ya pili yake, daftari likiwa kwenye droo ya meza hiyo hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba niliandika bila kujua. Niliandika nikijua ni uongo, nikapanga maneno yawe ya kuchekesha, na nilipoisoma tena nikaona inachekesha, nikaridhika.

Nani, wapi, lini, hayo ni mepesi, nimeshakupa. Kwa nini ndilo gumu. Nimelitafutia majibu mengi miaka hii, baadhi yakiwa ya kupendeza. Jibu lililobaki baada ya kuondoa yale ya kupendeza ni hili: nilitaka mara moja tu useme jambo la Baba na usiaminiwe. Basi. Sikutaka ufukuzwe, wala treni zigawanywe, wala uhame mji. Nilitaka jioni moja. Lakini jioni haikatwi kama kitambaa, kwamba unachukua urefu unaoutaka na kinachobaki unamrudishia muuzaji. Nilipoona limekuwa kubwa kuliko jioni, kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi, na nikajizoeza. Mtu anazoea. Hata ukiniita Bibi Ushahidi nilizoea kuitika.

Miaka tisa nimemwita Honi mshenzi, mbele yako na nyuma yako. Nimekaa kwenye meza yake ya kulia chakula nikimwangalia anavyolipaka behewa rangi isiyo yake, nikaona kwamba katika bohari lile siku ile kulikuwa na mtu mmoja aliyesema alichokiamini kwa karatasi aliyokuwa nayo, naye ni huyo mshenzi.

Leo saa tatu asubuhi nilimpigia mhariri nyumbani kwake, nikamweleza kama nilivyokueleza, kwa ufupi zaidi. Akauliza ni makala ngapi za namna hii. Nikamwambia ni hiyo moja. Akasema angependa kuniamini, ila atalazimika kuagiza nyingine zikaguliwe, zote, tangu mwanzo. Ana haki. Mimi ningefanya hivyo hivyo, na nimewafanyia wengine hivyo.

Daftari limo ndani ya kifurushi hiki. Ni lako, na lilikuwa lako tangu siku ile sebuleni. Kurasa zangu za dawa sikuzichana, maana nyuma ya baadhi yake kuna maandishi ya Baba, na pia kwa sababu ndivyo lilivyo. Ukitaka kuzichana ni juu yako. Nakala ya ukurasa wa namba arobaini na saba nimeibakiza kwa ajili ya katibu.

Samahani ni neno dogo. Naliandika kwa sababu barua isiyo nalo ingekuwa na pengo, si kwa sababu nadhani litatosha. Usinijibu kwa ajili ya adabu. Ukikaa mwaka bila kunijibu sitakuuliza, na usipojibu kabisa nitajua umesoma.

Wifi msomee yote, usimfiche hata mstari. Yeye ndiye aliyepika akiizunguka meza ile siku sitini na moja, na ana haki ya kunitukana kwanza. Wanao waambie unavyoona inafaa. Wasalimie kwa upendo, na jirani yenu yule aliyenipokea kituoni mwaka juzi msalimie pia. Mungu awalinde nyote, akupe afya ya kunikasirikia kwa muda mrefu.

Barua nitaipeleka posta kesho kwa njia ya haraka, wameniahidi itakufikia Jumatano tarehe 20. Nusu ukurasa wa Alhamisi tarehe 21 hautakuwa na habari ya behewa. Utakuwa na masahihisho, yenye jina langu juu na jina lako ndani. Ijumaa saa tatu asubuhi nimeitwa mbele ya mhariri na mwanasheria wa gazeti. Mkutano mkuu wa chama ni Jumamosi tarehe 23, saa nane mchana. Barua ya mwaliko wako katibu ameituma kwa anwani ya kiwandani. Nimeomba, uwepo usiwepo, niwe wa kwanza kusema, kabla ya kura.

Wako,
Mdogo wako